Sarafu kongwe ya Uchina: tuisome kwanza, bei baadaye

Siku hizi mtu akionyeshwa sarafu kongwe, swali la kwanza kumtoka kinywani ni moja tu: "Itauzwa pesa ngapi?" Nimelisikia swali hilo nyumbani Nyakoe, katika vyumba vya walimu na sokoni kando ya barabara iendayo Kisumu. Nimelisikia hata katika kumbi za chuo kikuu, ambako mtu angetarajia maswali ya aina nyingine. Sina ugomvi na anayeuliza bei. Maisha ni magumu, na mwenye njaa hana miiko. Hata hivyo, naamini kwamba swali hilo likitangulizwa humponza anayeuliza, na huiponza pia historia yetu. Makala haya yanakusudia kuwaomba walimu na wanafunzi watangulize swali jingine: "Sarafu hii inasema nini?"

Sababu ya kulizungumzia jambo hili sasa ni kisa cha likizo iliyopita. Mzazi mmoja wa Nyakoe aliniletea sarafu ya mviringo yenye tundu la mraba katikati, imefungwa uzi mwekundu. Alikuwa ameuziwa na mchuuzi mpita njia kwa fedha alizozipata baada ya kuuza mbuzi, fedha zilizokusudiwa kuwa karo ya mwanawe wa kidato cha pili. Mchuuzi alimwapia kwamba sarafu ile iliachwa pwani na mabaharia wa Zheng He, yule mkuu wa merikebu za Uchina wa karne ya 15, na kwamba Ulaya kuna watu wanaoinunua kwa mamilioni. "Daktari, wewe umesoma," mama yule akaniambia, "nielekeze tu nimpelekee nani."

Haikunichukua dakika mbili kujua kwamba maneno ya mchuuzi hayakuwa na msingi. Juu ya sarafu ile mliandikwa jina la enzi ya mfalme Qianlong, aliyekalia kiti mwaka 1735. Safari ya mwisho ya Zheng He ilikoma mwaka 1433. Baharia aliyefariki miaka 300 kabla ya mfalme kutawazwa hawezi kubeba sarafu yenye jina la mfalme huyo. Wala sikuhitaji kuuliza kama sarafu yenyewe ilikuwa halisi. Baadaye niliitazama kwa makini nikaona kwamba haikuwa. Ilikuwa pambo la kuleta bahati, la aina inayotengenezwa viwandani siku hizi na kuuzwa pamoja na vishikio vya funguo. Mbuzi alikuwa amekwenda, na karo ilikuwa imekwenda naye.

Nilichomfanyia mama yule si uganga, wala si elimu ya kufichwa katika maktaba za ng'ambo. Ni kusoma tu, kusoma kwa utaratibu, na mwanafunzi yeyote mwenye subira anaweza kufundishwa katika alasiri moja. Mimi mwenyewe si mtaalamu wa sarafu. Taaluma yangu ni isimu, na sarafu chache nilizo nazo zinakaa katika kikopo juu ya meza yangu ya kazi. Kilichonivutia kwazo ni maandishi. Mataifa mengi yaliweka uso wa mfalme juu ya fedha, lakini Uchina, kwa zaidi ya miaka 2,000, uliweka herufi. Sarafu ya Kichina ni ukurasa mdogo wa shaba, na ukurasa huandikwa ili usomwe.

Tuanze na umbo. Sarafu ya duara yenye tundu la mraba ilienea Uchina tangu nchi hiyo ilipounganishwa na mfalme wa kwanza wa Qin mwaka 221 kabla ya Kristo, ikadumu hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Wachina wenyewe wamezoea kueleza kwamba duara ni mbingu na mraba ni ardhi. Fundi, kwa upande wake, alikuwa na sababu iliyo karibu zaidi na mikono yake. Sarafu hizi hazikufuliwa kwa nyundo bali zilisubiwa: shaba iliyoyeyushwa pamoja na risasi na bati ilimiminwa katika kalibu za mchanga, na sarafu zikatoka zikiwa zimeshikana kama majani katika tawi. Baada ya kuzikata, fundi alizitunga nyingi pamoja katika ufito wa pembe nne, akazipiga tupa kingo zake zote kwa mara moja bila kuzunguka ovyo. Tundu hilo hilo lilimfaa mfanyabiashara kuzitunga katika uzi, na uzi mmoja kamili ulihesabiwa kuwa na sarafu 1,000.

Baada ya umbo huja herufi, na hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa hawajui upande upi uko juu. Kuna kanuni moja nyepesi. Aghalabu sarafu za tangu karne ya 7 huwa na herufi nne, na ya mwisho kusomwa ni *bao*, yaani hazina au kitu cha thamani. Herufi hii, kwa mwandiko wa zamani, ina umbo la paa juu, na chini yake vitu vilivyosongamana, na mwisho kabisa kisanduku kirefu chenye miguu miwili. Izungushe sarafu mpaka herufi hiyo iwe kushoto kwa tundu. Hapo sarafu imesimama wima, na sasa inaweza kusomwa.

Inafaa tusite kidogo juu ya herufi hiyo. Kile kisanduku chenye miguu ni mchoro wa kale wa simbi, yule kauri wa baharini, kwa sababu katika Uchina wa zamani simbi walithaminiwa na kutumiwa kama mali. Hata shaba ilipochukua nafasi yao, mwandiko uliwahifadhi. Wasomaji watakumbuka kwamba simbi hao hao, waliotoka katika Bahari ya Hindi, walitumika kama fedha hadi Buganda, siku nyingi kwa miguu kutoka pwani. Kwa hivyo mtoto wa Nyakoe anayeitazama herufi *bao* anatazama mchoro wa kitu ambacho wazee wa ukanda huu wa maziwa walikijua vizuri.

Ukishaiweka *bao* kushoto, tazama kulia. Ukiiona *tong*, inayoashiria kupita au kuenea mikononi mwa watu, basi soma juu, kisha chini, kisha kulia, na umalizie kushoto. Maneno *tongbao* humaanisha hazina iendayo mkono kwa mkono. Lakini *tong* ikiwa chini ya tundu, soma kwa kuzunguka kama mshale wa saa. Wakati mwingine mahali pa *tong* huwa na *yuan*, yenye maana ya asili au mwanzo, au *zhong*, yenye maana ya uzito. Mpangilio huu uliwatatiza hata Wachina. Sarafu mashuhuri ya nasaba ya Tang iliyoanza kutolewa mwaka 621, yenye mwandiko wa bingwa Ouyang Xun, husomwa na wengi *Kaiyuan Tongbao*, lakini walikuwapo wasomi walioizungusha wakapata *Kaitong Yuanbao*, na kila upande ukawa na hoja zake. Iwapo wenye lugha yao walibishana, mwanafunzi wetu asione haya akikosea mara ya kwanza.

Herufi mbili zinazobaki ndizo zinazotoa tarehe. Kabla ya mwaka 621 sarafu nyingi zilitaja uzani tu. Baadaye ikawa desturi kutaja jina la enzi, yaani jina ambalo mfalme alilitangaza kwa kipindi fulani cha utawala wake. Wafalme wa nasaba ya Song, iliyotawala kuanzia mwaka 960 hadi 1279, walibadilisha majina ya enzi mara kwa mara, na kwa hiyo sarafu zao huweza kuwekwa katika kipindi cha miaka michache. *Yuanfeng Tongbao*, kwa mfano, ni ya miaka ya 1078 hadi 1085. Tangu mwaka 1180 mafundi wa Song ya Kusini walianza kuandika mgongoni nambari ya mwaka wa enzi, na hivyo mtu anayejua kuhesabu hadi kumi na sita kwa Kichina anaweza kuitaja sarafu hadi mwaka wake hasa. Wafalme wa Ming na wa Qing, kuanzia mwaka 1368, walishika desturi ya jina moja kwa utawala mzima. Hivyo *Kangxi* ni 1661 hadi 1722, *Qianlong* ni 1735 hadi 1796, na *Guangxu* ni 1875 hadi 1908. Orodha ya majina haya haizidi ukurasa mmoja wa daftari kwa nasaba ya Qing na Ming zikiwekwa pamoja.

Halafu geuza upande wa pili. Sarafu nyingi za kale huwa tupu mgongoni. Za Qing, hata hivyo, huwa na maandishi ya Kimanchu yanayoshuka kutoka juu kwenda chini, nayo kwa kawaida hutaja karakana iliyozitoa. Naomba radhi kwa wasiopenda isimu, lakini siwezi kulipita jambo hili kimya. Mwandiko wa Kimanchu ulitokana na wa Kimongolia, huo ukatokana na wa Wauyghur, na huo ukatokana na wa Wasogdia, ambao mizizi yake ni mwandiko wa Kiaramu wa Mashariki ya Kati. Mwandiko wa Kiarabu nao ulichipuka kutoka shina hilo hilo la Kiaramu. Kwa hiyo maandishi yaliyo mgongoni mwa sarafu ya Beijing na maandishi yaliyo juu ya sarafu za masultani wa Kilwa ni binamu wa mbali, waliotawanyika kutoka nyumba moja.

Yapo mambo mengine ya kujihadhari nayo. Si kila sarafu yenye tundu la mraba ni ya Uchina, kwa kuwa Japani, Korea na Vietnam pia zilitoa sarafu za namna hiyo zenye herufi za Kichina, na ni kusoma maandishi yake kunakosaidia kuzitenganisha. Fauka ya hayo, ukongwe si thamani. Katika miaka ya 1080 karakana za Song zilitoa zaidi ya nyuzi 5,000,000 kwa mwaka, yaani sarafu zaidi ya bilioni 5. Kitu kilichotengenezwa kwa wingi wa namna hiyo hakiadimiki hata baada ya miaka 900, na sarafu nyingi za wakati huo bado huuzwa kwa bei isiyozidi ile ya chakula cha mchana. Anayewaahidi watu mamilioni kwa sababu tu kitu ni cha zamani, ama hajui, ama anajua sana.

Hapo ndipo tunapofikia upande wa pili wa hoja yangu, ambao ni mzito kuliko mbuzi mmoja wa Nyakoe. Mchuuzi yule hakulitunga jina la Zheng He kutoka hewani. Alilisikia, kama tulivyolisikia sote, katika habari za uvumbuzi wa pwani. Mwaka 1945, huko Kajengwa katika eneo la Makunduchi, kusini mwa Unguja, ilifukuliwa akiba ya sarafu za Kichina zaidi ya 170, nyingi zao zikiwa za nasaba ya Song. Mwaka 2010 wataalamu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na wa Chuo Kikuu cha Peking, wakichimba Mambrui, kaskazini mwa Malindi, walipata sarafu ya *Yongle Tongbao*. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba sarafu nyingine ya Yongle imepatikana katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, na kikundi kilichoongozwa na Chapurukha Kusimba na Sloan Williams. Mfalme Yongle alitawala mpaka mwaka 1424, naye ndiye aliyemtuma Zheng He baharini kuanzia mwaka 1405. Magazeti mengi ya dunia yakaziunganisha nukta hizo: sarafu ya Yongle imepatikana, basi Zheng He amepatikana.

Naona haraka katika hitimisho hilo. Sisemi kwamba Wachina hawakufika pwani yetu. Kumbukumbu za Uchina zinaitaja Malindi, na twiga aliyetoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme Yongle mwaka 1415. Vigae vya vyungu na sahani za Kichina vimefukuliwa katika miji mingi ya Waswahili, kutoka Lamu hadi Kilwa. Ushahidi huo ni mpana. Ninachosema ni kwamba sarafu moja, kwa nafsi yake, haiwezi kubeba mzigo tunaoitwisha. Sarafu za Yongle zilisafirishwa kwa wingi kwenda nje ya Uchina, na Japani zilitumika sokoni kwa miaka mingi baada ya mfalme mwenyewe kuzikwa. Sarafu za Song vilevile ziliendelea kupita mikononi mwa watu karne nyingi baada ya nasaba hiyo kuanguka. Sarafu ikipatikana Mambrui inaweza kuwa imetoka mkononi mwa Mchina, au Mwarabu, au Mhindi, au Mswahili aliyerudi safari. Haisemi.

Sisi wanaisimu tumelizoea tatizo hili, kwa sababu neno la mkopo lina tabia zile zile za sarafu. Chukua neno *pesa*. Asili yake ni India, na liliingia Kiswahili kwa njia ya biashara ya bahari. Kutoka Kiswahili likapanda bara hadi Gusii, ambako wenyeji waliiacha *p* wasiyokuwa nayo, wakalivika kiambishi chao, wakapata *chibesa*. Je, mwanahistoria wa miaka 500 ijayo akilikuta neno *chibesa* katika kijiji cha Nyakoe, atakuwa na haki ya kuandika kwamba jahazi la Wahindi lilitia nanga katika vilima vya Kitutu? Chukua tena neno *hela*. Hiyo ilikuwa sarafu ya Wajerumani, iliyoanza kutumika katika koloni lao la Afrika Mashariki mwaka 1904. Wajerumani waliondolewa na vita vya kwanza vya dunia na sarafu zao zikafa, lakini hadi leo Mtanzania hukuomba hela bila kumfikiria Mjerumani hata kidogo. Au chukua *sumuni*, neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya nane. Lilihusu sehemu ya nane ya riale, kisha kwetu likahamia kwenye senti 50, ambazo ni nusu ya shilingi. Thamani ilikwenda zake, jina likabaki.

Kwa ufupi, neno la mkopo hutueleza mambo mawili kwa hakika: lilikotoka, na wakati ambao halingeweza kuutangulia. Halitutajii aliyelibeba, wala mikono mingapi lilipitia, wala lilikaa wapi njiani. Sarafu ni hivyo hivyo. *Yongle Tongbao* ikipatikana katika tabaka fulani la udongo, tunajua kwamba tabaka hilo haliwezi kuwa la kabla ya Yongle. Linaweza kuwa la wakati wake, au la miaka 100 baadaye. Ili kuchagua kati ya hayo tunahitaji mashahidi wengine: vigae vilivyolala pamoja nayo, makaa, mifupa, misingi ya nyumba. Ndiyo maana mahali sarafu ilipolala ni sehemu ya maandishi yake. Ukiichomoa na kuitia mfukoni umeichana nusu ya barua, ukabaki na jina la mtumaji bila anwani ya mpokeaji.

Anayeona kwamba ninawaonea Wachina na atazame mfano wa upande wetu. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Nne zilikuwa za kampuni ya Waholanzi, na tano zilikuwa za shaba za masultani wa Kilwa. Ajabu iliyoje! Sarafu iliyofuliwa katika kisiwa kidogo cha Waswahili imelala mchangani kando ya bahari ya Australia. Tungependa sana kusema kwamba mabaharia wetu walifika huko kabla ya Kapteni Cook. Lakini hatujasema hivyo katika vitabu vyetu vya shule, na tumefanya vyema kutosema, kwa kuwa sarafu zile zingeweza kufika huko kwa mkono wowote, katika karne yoyote iliyofuata. Tahadhari tunayoitumia juu ya Kilwa na Australia ndiyo tunayopaswa kuitumia juu ya Uchina na Mambrui. Mizani iwe moja.

Huenda mwalimu wa Nyakoe akaniuliza: haya yote yananihusu nini mimi niliye mbali na bahari, ambaye hata nikichimba shamba lote sitarajii kukuta Yongle? Swali ni la haki, na jibu lake limo ndani ya mikebe ya bibi zetu. Katika nyumba nyingi za Gusii zipo bado zile senti kubwa za shaba zenye tundu, ndururu na senti kumi, zilizotumika kabla ya Kenya kuanza kutoa sarafu zake yenyewe mwaka 1966. Tundu lake ni la duara, si la mraba, lakini kazi yake haikuwa tofauti sana, kwani watu walizitunga katika kamba. Nazo, kama za Uchina, hazina uso wa mfalme. Zina maandishi, taji, na pembe za ndovu. Kwa hiyo nazo zapaswa kusomwa.

Mwanafunzi azipange mezani kwa miaka, aone. Zile za kale zaidi za shilingi ya Afrika Mashariki zina maneno ya Kilatini yanayomtaja mfalme wa Uingereza, na kisha vifupisho vinavyomwita pia mfalme mkuu wa India. India ikapata uhuru mwaka 1947, na katika sarafu za mwaka 1949 vifupisho hivyo havipo tena. Katika miaka ya 1950 jina la malkia linaandikwa kwa Kiingereza, Kilatini kimeondoka. Katika zile za mwaka 1964 hakuna jina la mtawala yeyote, kwa kuwa nchi zetu zilikuwa zimejitawala. Historia ya kuanguka kwa himaya imo katika mkebe wa bibi, na imeandikwa kwa maneno yasiyozidi sita.

Tena ipo sarafu moja ambayo ningependa kila mwalimu wa historia aitafute. Ni ile ya mwaka 1936 yenye jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo alijiuzulu Desemba mwaka huo huo kabla ya sarafu zake kuanza kutumika nchini mwake. Kwa vile senti zetu za tundu hazikuhitaji picha yake, zilitolewa kwa jina lake na zikaingia sokoni. Mkulima wa Kisii alinunulia chumvi sarafu ya mfalme ambaye Mwingereza wa London hakupata kumwona katika fedha yake. Haina bei kubwa, kwa kuwa zilitolewa nyingi. Lakini ni somo ambalo mwanafunzi akilishika mkononi hatalisahau.

Baada ya maelezo hayo, nina mapendekezo machache. La kwanza ni kwamba kila chama cha historia au cha Kiswahili shuleni kiwe na daftari la sarafu. Si lazima kiwe na sarafu zenyewe. Wanafunzi waziazime kwa wazee, wazichore pande zote mbili, wazipime uzani kwa mizani ya maabara, wanakili maandishi yake, kisha waandike zilipatikana wapi, kwa nani, na mwenyewe anasimulia nini juu yake. Halafu wazirudishe. Usimulizi wa mzee ni sehemu ya sarafu, nao hupotea upesi kuliko shaba.

La pili, tusizisugue. Watu wengi wakipata sarafu kongwe huiosha kwa mchanga na ndimu mpaka ing'ae, wakidhani wanaipandisha hadhi. Rangi ile ya kijani iliyoishika ni ngozi yake, na ukiichuna umeondoa ushahidi wa umri wake pamoja na ncha za herufi. Kitambaa kikavu kinatosha.

La tatu ni sheria. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inavihesabu kuwa mambo ya kale vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na hairuhusu visafirishwe nje ya nchi bila kibali. Anayefukua kitu cha kale ardhini anatakiwa kuiarifu Makumbusho ya Kitaifa. Wanafunzi wetu, ambao wengine wana jamaa pwani na huenda huko likizo, wajue hivyo mapema. Mchuuzi anayekwambia ununue kwa siri na kuuza Ulaya kwa siri anakutia katika mitego miwili kwa wakati mmoja.

La mwisho linawahusu walimu wenzangu wa lugha. Mara nyingi tumefundisha kusoma kana kwamba maandishi hukaa vitabuni pekee. Mwanafunzi akajifunza kuchambua riwaya, lakini akikabidhiwa risiti, hati ya shamba, au kipande cha shaba chenye herufi ngeni, akakimbilia kuuliza bei au kumwamini wa kwanza aliyesema. Mama yule aliyepoteza mbuzi hakukosa akili. Alikosa mtu wa kumwambia kwamba kitu kile kilikuwa kinasema, na kwamba kilichosema kilimpinga aliyekuwa akikiuza.

Shilingi moja ya Kenya iliyozinduliwa Desemba 2018 haina uso wa mtu, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 imekataza. Upande mmoja ina twiga. Mwalimu anaweza kuanza na hiyo, kwa kuwa kila mtoto anayo au anaweza kuipata. Awaulize kwa nini uso umetoweka, lugha zipi zimeandikwa, mwaka uko wapi, na twiga yupi mwingine wa Kenya aliyewahi kusafiri kwa sababu za kifalme. Wakiweza kuisoma shilingi hiyo, wataweza kuisoma senti ya tundu, na wakiweza senti ya tundu, herufi nne za Kichina hazitawatisha. Bei wataiuliza pia, na hakuna ubaya. Ila wataiuliza wakiwa wanajua wanachokishika.